Miezi Miwili Kisiwani Hoy

Mwanafunzi wa uchumi hawezi kulikwepa jina la John Maynard Keynes. Ndiye yule Mwingereza aliyeandika mwaka 1936 kwamba watu wakikosa kazi serikali isikae imefunga mikono, bali itoe fedha, hata kama ni za kukopa. Ndiye pia aliyeongoza ujumbe wa Uingereza kule Bretton Woods, Marekani, Julai 1944, mahali zilipozaliwa IMF na Benki ya Dunia. Wazazi wetu waliopunguzwa kazi miaka ya themanini na tisini kwa masharti ya mashirika hayo mawili wana haki ya kulikunjia uso jina lake, ingawa kwa kweli Keynes alitaka mpango mwingine kabisa, Wamarekani wakamzidi nguvu mezani.

Lakini sikukaa chini niandike habari za IMF. Nataka kuandika habari za likizo. Mwaka 1908, kabla hajawa mtu wa kutajwa vitabuni, Keynes alikwenda kukaa miezi miwili katika visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskoti, pamoja na mchoraji kijana jina lake Duncan Grant. Walikuwa wapenzi. Ndiyo, msomaji, wanaume wawili. Shtuka kama utashtuka, kisha tuendelee, maana hadithi yenyewe ni tamu na ni ya kweli, na sisi tunaotaka kuandika riwaya tuna la kujifunza humo.

Tuanze na huyu wa hesabu. Keynes alizaliwa Cambridge mwaka 1883, baba yake mwalimu na mtawala wa chuo kikuu hapo hapo mjini. Akapelekwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa, akazoa zawadi. Mwaka 1905 akawa wa 12 katika mtihani mkuu wa hisabati wa Cambridge. Mwaka uliofuata akafanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali, akashika nafasi ya pili, na somo mojawapo lililomwangusha lilikuwa, amini usiamini, uchumi. Yeye alisema kwa kiburi chake kwamba watahini walijua kidogo kuliko yeye. Wa kwanza akachukua nafasi Hazina. Keynes akapewa kiti katika Ofisi ya India, London. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa kupanga safari ya mafahali 10 wachanga kwenda Bombay. Akili yote ile, bwana, inasafirisha ng'ombe.

Alikuwa mtu wa orodha. Tangu utotoni alikusanya stempu, akaandika matokeo ya michezo yake ya gofu, akaandika matumizi ya pesa, hata vitabu alivyosoma. Hata mambo ya kitandani aliyaandika: ziko orodha mbili katika hifadhi ya Chuo cha King's, moja ya watu kwa herufi za majina yao, nyingine ya hesabu tupu kwa alama za siri. Mtu huyu huyu aliyejiamini mbele ya kila mtahini aliamini kwamba ana sura mbaya. Alimwandikia rafiki yake kwamba jambo hilo limemtesa siku zote, kwamba mwili wake unachukiza. Mdomo wake ulikuwa mwepesi, wa kukata. Aliweza kukufanya ujione mpumbavu mezani kabla chai haijapoa.

Sasa Duncan Grant. Huyu alizaliwa Uskoti mwaka 1885, akakulia India na Burma, kwa kuwa baba yake alikuwa afisa wa jeshi huko. Aliporudishwa Uingereza shule ilitaka kumfanya naye awe mwanajeshi, ikamweka darasa la wanaotarajiwa kuingia jeshini, lakini hesabu ilimshinda kabisa. Mpaka shangazi yake akawaambia wazazi: mwacheni kijana achore. Akasoma uchoraji London, kisha Paris. Hakuwa na pesa. Alivaa nguo za kupewa, nyingine hazimtoshi, na bado kila aliyemwona alisema ni kijana mzuri. Barua zake zina makosa ya tahajia kama za mtoto wa darasa la tatu. Hakujua kubishana, wala hakuona haja ya kushinda. Ukimgombeza alikutazama kwa mshangao wa upole, kisha akaenda kufanya alilotaka tangu mwanzo.

Kati ya hawa wawili alikuwapo mtu wa tatu, na bila yeye hadithi haikamiliki. Naye ni Lytton Strachey, mwandishi, rafiki mkubwa wa Keynes tangu Cambridge. Duncan alikuwa mtoto wa mjomba wake. Tangu mwaka 1905 Lytton alimpenda Duncan mapenzi ya kuugua, na kila alipoumia alikwenda kumlilia nani? Keynes. Keynes akasikiliza, akatoa ushauri, akasoma barua, akajibu. Miaka mitatu. Wanawake wa uswahilini wana maneno yao juu ya shoga unayempa siri za ndani ya nyumba yako, sitayarudia hapa. Julai 1908 Lytton akagundua kwamba msikilizaji wake na mpenzi wake wamekwisha kupatana. Alimwandikia Keynes kwa uungwana, akisema hataki kumchukia. Kwa wengine akatoa sumu yote. Urafiki ule haukufa, ila haukurudi ulivyokuwa. Mimi simtetei Keynes katika hili. Alijua alichokuwa akikifanya.

Mwezi mmoja kabla ya hayo, Juni 1908, siku za kutimiza miaka 25, Keynes alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi Ofisi ya India. Watu wazima waliguna. Kuacha kazi ya serikali yenye pensheni, urudi Cambridge ukafundishe kwa paundi 100 kwa mwaka, tena zitoke mfukoni mwa profesa! Tena tasnifu yake ya kuombea nafasi ya kudumu chuoni ilikuwa imekataliwa Machi mwaka huo huo. Kwa hiyo alipopanda treni kwenda kaskazini mwezi wa Agosti alikuwa mtu asiye na kazi ya maana, mwenye tasnifu iliyofeli mkobani, aliyemwibia rafiki yake mpenzi, na mwenye furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Orkney si mahali ambapo mtu angeotea likizo. Ukifika mwisho wa nchi kavu ya Uskoti unavuka bahari yenye mikondo mikali ndipo ufike. Miti ni michache, upepo haulali, nyumba ni za mawe na ziko chini chini kama zinajificha. Wao walikaa mji mdogo wa bandari, Stromness, halafu wakavuka hadi kisiwa cha Hoy, ambako majabali yanasimama wima kutoka baharini zaidi ya mita 300, na mbele yake imesimama nguzo moja ya mwamba, peke yake majini, mita 137. Wenyeji wanaiita Mzee wa Hoy. Jua la mwisho wa kiangazi kule linachelewa kuzama, unapata jioni ndefu isiyokwisha.

Kwa nini waende mbali hivyo? Uzuri wa mahali ni sababu moja. Nyingine ni kwamba kule hakuna aliyewajua. Na hapa lazima nitaje sheria. Tangu mwaka 1885 Uingereza ilikuwa na kifungu kilichomtia jela hadi miaka miwili, pamoja na kazi ngumu, mwanamume yeyote aliyepatikana na tendo la mapenzi na mwanamume mwenzake, hata kama ni ndani ya nyumba yao na wote wameridhia. Mwaka 1895 kifungu hicho kilimtia ndani Oscar Wilde, mwandishi aliyekuwa akishangiliwa katika kumbi za London wiki chache tu kabla, na barua zake mwenyewe zilisomwa mahakamani dhidi yake. Keynes wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 11. Kizazi chake chote kilikua kinajua kwamba barua moja ikianguka mkono mbaya mtu amekwisha. (Watawala hao hao walipotutungia Kanuni za Adhabu huku Kenya na Tanganyika mwaka 1930 walitia humo makosa ya jamii hiyo hiyo. Kwao waliyaondoa mwaka 1967 kwa Uingereza na Wales, na 1980 kwa Uskoti. Huku vifungu vilibaki, na Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta Mei 2019. Wanaosema mambo haya yametoka kwa Wazungu wana ukweli nusu: sheria yake ndiyo iliyotoka kwa Wazungu.)

Basi wakawa Hoy. Wapenzi wengine wangeshinda kwenye majabali wameshikana mikono. Hawa walifanya kazi. Keynes alikuwa amebeba tasnifu yake aiandike upya, na Grant alikuwa amebeba rangi na turubai. Mmoja akaketi na makaratasi, mwingine akaketi na brashi akimtazama. Picha ya Keynes aliyoichora mwaka huo iko mpaka leo Chuo cha King's. Naamini hapo ndipo penye kiini cha mambo. Keynes, ambaye alisadiki kwamba hatazamiki, alikaa saa nyingi anatazamwa na mtu ambaye kazi yake maishani ilikuwa kutazama, na mtu huyo hakuchoka. Tasnifu inafeli, rafiki amekasirika, mshahara hakuna, lakini yuko mtu upande wa pili wa chumba anahangaika kupata rangi halisi ya shavu lako.

Na tasnifu ile ilihusu nini? Uwezekano. Yaani kwa kiasi gani tuna haki ya kuamini kwamba jambo litatokea. Wengi walidhani kila uwezekano unaweza kupewa namba: nusu, robo, moja kwa kumi. Keynes, bingwa wa kuweka namba kwenye kila kitu, akatetea kwamba sivyo. Yako mambo, alisema, ambayo uwezekano wake haupimiki, na mengine huwezi hata kuyalinganisha ukajua lipi lina nafasi zaidi. Hoja hiyo alikuwa nayo kabla ya Hoy, sitaki kumtia mtu ushahidi wa uongo. Ila nikimfikiria anaiandika pale, na Grant yuko mita mbili mbele yake, kijana asiyetabirika kuliko hali ya hewa ya Orkney, nacheka peke yangu. Kitabu kilichozaliwa na kazi hiyo kilitoka mwaka 1921. Tasnifu yenyewe, baada ya kuandikwa upya, ilikubaliwa, na Machi 1909 Keynes akapata nafasi yake King's, aliyoishika mpaka kufa.

Oktoba walirudi, mmoja Cambridge, mwingine London, na hapo ndipo tabia zilipoanza kugongana. Barua zilikwenda na kurudi. Za Keynes zinauliza: unanipenda bado, utakuja lini, kwa nini hukuandika jana. Grant hakupenda kuulizwa maswali ya namna hiyo. Alipopenda alipenda, alipochoka alichoka, na hakuona sababu ya kutoa hesabu kwa mtu. Kisiwani hilo halikuonekana, maana kisiwani hapakuwa na wa kushindana naye. London ilikuwa imejaa watu, na karibu wote walimpenda Duncan. Masika ya 1909 walikwenda Versailles, mwaka huo wakapanga vyumba vya pamoja mtaa wa Fitzroy Square, lakini moyo wa Grant ulikuwa umekwisha kuelekea kwa kijana mwingine, Adrian Stephen, ndugu yake Virginia ambaye baadaye dunia ilimjua kama Virginia Woolf.

Kuna kisa cha Februari 1910 ambacho lazima nikisimulie, kwa sababu kinamwonyesha Grant alivyo na kwa sababu, ajabu, Kiswahili kimo. Yeye, Adrian, Virginia na wenzao watatu, baadhi yao wamejipaka rangi nyeusi usoni na kuvaa majoho na ndevu za bandia, walipanda meli ya vita Dreadnought wakijifanya ni wana wa mfalme wa Uhabeshi na wasindikizaji wao. Adrian ndiye aliyekuwa mkalimani. Alikuwa amepata kitabu cha sarufi ya Kiswahili kutoka shirika la wamisionari, akakisoma ndani ya treni, na maneno yalipomwishia, ambayo ni mapema sana, akaanza kutamka mashairi ya Kilatini na Kigiriki kwa kuyapinda. Maafisa wakapiga saluti. Kwamba Mhabeshi haongei Kiswahili hakuna aliyelijua, wala aliyejali. Mweusi ni mweusi. Wao walicheka sana. Mimi mzaha huo naucheka upande mmoja tu wa mdomo.

Siri ilipofichuka maafisa wa jeshi la maji walitaka kulipiza. Wakamfuata Grant nyumbani asubuhi, wakamtia ndani ya gari akiwa na ndara miguuni, wakampeleka uwanjani kumchapa. Walitegemea apigane. Hakupigana. Alisimama tu pale, mpole, na wao wakaona aibu: utampigaje mtu wa namna hii? Wakamgusa na fimbo mara mbili kwa ajili ya desturi, halafu wakajitolea kumrudisha nyumbani, maana hawezi kutembea mjini na ndara. Akakataa kwa adabu, akapanda treni ya chini ya ardhi na ndara zake. Majuma machache baadaye alikuwa safarini na Keynes, Ugiriki na Uturuki. Sasa jiweke mahali pa Keynes. Mtu wa hoja kali, anayeshinda kila mjadala, anampenda mtu ambaye hajadiliki. Utamshinda kwa hoja gani asiyebishana? Kufikia mwaka 1911 hivi mapenzi yalikuwa yamekwisha. Keynes aliumia, akalia, akajipa kazi. Grant alisikitika kwamba mwenzake ameumia.

Wengi hapo wangepaona mwisho. Kumbe ndio kwanza. Mwaka 1916 serikali ilipowalazimisha vijana kwenda vitani, Grant alikataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri yake. Keynes wakati huo alikuwa Hazina, anatafuta fedha za kuendeshea vita hiyo hiyo. Alikwenda mbele ya baraza kumtetea. David Garnett, aliyekuwa mshtakiwa mwenza, amesimulia jinsi Keynes alivyoingia na mkoba mkubwa wenye nembo ya mfalme, akadai kesi isikilizwe haraka kwa kuwa yeye ana kazi za taifa zinamngoja. Vijana wakaruhusiwa kulima shambani badala ya kwenda mitaroni.

Deni hilo Grant alilipa kwa njia yake. Mapema mwaka 1918 aliona orodha ya picha zilizoachwa na marehemu Degas, mchoraji wa Ufaransa, zinazokwenda kupigwa mnada Paris. Grant, asiyejua kuhesabu chenji, akamkalia kooni mtu wa Hazina: serikali izinunue. Keynes akapata faranga 550,000 kwa ajili ya makumbusho ya taifa, akitumia hoja kwamba Ufaransa ina deni kwetu, heri tupate picha kuliko tusipate kitu. Machi 26 na 27, mizinga ya Wajerumani ikiipiga Paris, mnada ulifanyika. Mkurugenzi wa makumbusho alinunua picha nyingi, akarudi na chenji, lakini Cézanne alimkataa. Keynes akainunua mwenyewe picha moja ndogo ya Cézanne, matofaa saba tu. Akarudi kwa gari la mkubwa mmoja hadi njia panda ya Charleston, shamba alikokuwa anaishi Grant. Mizigo ilikuwa mingi, akaiacha mingine chini ya ua wa miti, akaingia ndani na kusema kwamba kuna Cézanne barabarani. Wakatoka mbio.

Mwaka 1925 Keynes alimwoa Lydia Lopokova, mcheza baleti Mrusi, akampenda kwa dhati, nalo ni jambo lililowatatiza rafiki zake kuliko yote yaliyotangulia. Shahidi wa ndoa alikuwa Duncan Grant. Baadaye Keynes alimtengea Grant fedha za kila mwaka ili asihangaike na ukata uzeeni.

Keynes alikufa Aprili 1946. Kitabu kikubwa cha kwanza cha maisha yake kilitoka mwaka 1951, mwandishi Roy Harrod, mwanafunzi na rafiki yake. Harrod alijua kila kitu. Mama yake Keynes alikuwa bado hai, sheria ilikuwa bado hai, akaamua kufuta. Ukikisoma utamkuta Grant kama rafiki msanii, na Hoy kama safari ya vijana wawili. Si uongo, ila ni kama kusimulia Hamisi na Zainabu walikuwa majirani. Ilibidi kungoja hadi 1967, Michael Holroyd alipotoa maisha ya Lytton Strachey, ndipo watu wakasoma habari yenyewe. Grant alikuwa hai, mzee wa miaka 82. Aliishi hadi Mei 1978.

Holroyd aliweza kuandika kwa sababu barua zilikuwapo. Keynes alizitunza za Grant, na hilo halishangazi, maana yeye alitunza kila kipande cha karatasi. Lakini Grant, aliyehama vyumba, aliyesahau miadi, aliyevaa suruali za watu, naye alizitunza za Keynes, moja moja, tangu vuli ya 1908, katika nchi ambayo kwa karibu miaka 60 zaidi barua ya namna hiyo ilitosha kumtia mtu matatani.